Nahamia vichwa vya shaba: nibadilishe bunduki, kaliba, au nitulie na nilichonacho?

#1 Mzee wa Kichaka

Wakuu salaam.

Nina bunduki ya kaliba ya .308 Winchester (kaliba ni ukubwa na aina ya risasi), mtutu wa inchi 20. Imenitumikia miaka mingi kwa vichwa vya kawaida (sehemu ya risasi inayoruka) vya greni 180, greni ikiwa kipimo cha uzito, vile vyenye kiini cha madini ya risasi na koti la shaba. Nyumbani nyama ya mawindo wanaila watoto, kwa hiyo nimeamua madini ya risasi sasa basi. Nikatafuta vichwa vya shaba tupu vyenye uzito uleule, greni 180, nikidhani nitabadilisha kichwa tu na mengine yatabaki yalivyo.

Haikuwa hivyo. Mita 100, matundu yaliyokuwa yanakaa ndani ya sentimita 3 sasa yanatawanyika hadi 12. Tundu moja kwenye karatasi lilikuwa kama limevutwa upande, ingawa karatasi yenyewe ilikuwa imelowa umande, sitaki kuapa. Najaza risasi mwenyewe, na baruti nimefuata jedwali la mtengenezaji wa kichwa hicho hicho.

Jamaa mmoja ananiambia nichukue kaliba ya 6.5 Creedmoor. Fundi wangu anasema shaba inataka mwendo, nichukue .300 Winchester Magnum, yenye baruti nyingi zaidi. Mdogo wangu anasema bunduki haina shida, mimi ndiye nimezeeka. Nyie mnasemaje? Mtu anayeanza upya leo na shaba peke yake achague bunduki gani na risasi gani?

#2 Chozi la Baruti

Ngoja waje wenye magnum zao. Nimekaa paleee.

#3 FundiMitutu

Mkuu, kabla ya kununua chochote, msokoto wa mtutu wako (mzunguko wa mifereji iliyochongwa ndani yake) ni ngapi? Hilo ndilo swali la kwanza, jina la kaliba linafuata baadaye.

Madini ya risasi yana uzito wa gramu 11.34 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Shaba ni 8.96. Ukitaka uzito uleule kwa kipenyo kilekile, huna pa kuongeza isipokuwa urefu. Ongeza na lile tundu la mbele la kukifanya kichwa kifunguke, na ncha ya plastiki juu yake, unapata kichwa kirefu kuliko ulichozoea. Na kichwa kirefu kinahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kisiyumbe angani. Uzito una nafasi yake kwenye hesabu, lakini kinachoumiza ni urefu.

.308 nyingi zilitengenezwa na msokoto wa 1:12, yaani kichwa kinamaliza mzunguko mmoja kila inchi 12. Hiyo ilitosha kabisa kwa vichwa vya greni 147 hadi 150 vya jeshi, na kwa 180 vya madini ya risasi inakubali bila kelele. Nyingine ni 1:10. Usiamini kumbukumbu, pima. Chukua fimbo ya kusafishia inayozunguka kwenye mpini, funga kitambaa kinachobana, sukuma taratibu, weka alama fimbo inapoanza na inapomaliza mzunguko mmoja. Bunduki iwe tupu, bolti imetolewa.

#4 Bwana Greni

#3 umemaliza. Mimi nitaongeza moja tu: kwa shaba, shusha uzito. Waliokuwa wanapiga 180 wapige 150. Waliokuwa wanapiga 150 wajaribu hata 130. Watu wanaogopa kwa sababu kwa vichwa vya zamani uzito ulikuwa akiba: kichwa kilipoteza theluthi au zaidi kikipita kwenye mfupa, kwa hiyo ulianza na kikubwa ili kibaki cha kutosha. Shaba ikifunguka inabaki karibu yote. Greni 150 iliyofika upande wa pili ikiwa na greni 148 ina deni gani na mtu?

Na wepesi unakupa mwendo, ambao ndio fundi wako alikuwa anautafuta kwenye magnum.

#5 Mkongwe wa Porini

Haya mahesabu ya msokoto yamekuwa dini siku hizi. Kila kundi likitawanyika, msokoto. Mke amenuna, msokoto.

Mleta uzi, ulisafisha mtutu kabla ya kubadili? Namaanisha kusafisha kweli, hadi shaba yote itoke. Vichwa vya mwanzo vya shaba tupu, Barnes X (vya kampuni ya Barnes) vilipoingia sokoni 1989, vilikuwa na sifa mbili: vinaua vizuri na vinaacha masalia mtutuni kupita kiasi. Usahihi ulikuwa unaharibika baada ya risasi chache na shinikizo linapanda. Ndiyo maana walikuja kuvipaka dawa ya bluu, halafu 2003 wakachonga mifereji kwenye mwili wa kichwa (TSX) ili shaba ipate pa kwenda inapobanwa na mtutu. Watengenezaji wengi leo wanachonga mifereji hiyo kwa namna yao, na tatizo limepungua sana. Kupungua siyo kwisha. Mtutu wenye miaka ya koti la aina nyingine ndani yake, halafu unapitisha shaba laini tupu juu yake, unategemea nini?

Safisha. Halafu rudi.

#6 Mzee wa Kichaka

Asanteni. Nimepima mara kadhaa, fimbo inamaliza mzunguko kwenye inchi 12, labda pungufu kidogo ya hapo. Mtutu nasafisha kama kawaida, mafuta na kitambaa. Sijawahi kutumia dawa ya kuyeyusha shaba.

#7 FundiMitutu

Basi tufanye hesabu ili Mkongwe apate cha kununia.

Kanuni inayotumika zaidi sasa ni ya Don Miller ya 2005, si ile ya Greenhill ya 1879. Inakupa namba moja ya utulivu. Chini ya 1 kichwa kinapinduka. Wengi wanataka 1.4 au 1.5 kwenda juu.

Tuseme kichwa cha shaba cha greni 180 kina urefu wa inchi 1.5. Kwa msokoto wa 1:12 kanuni inatoa 1.01. Kwa 1:10 inatoa 1.46. Sasa chukua cha greni 150, tuseme urefu inchi 1.25: kwa 1:12 ni 1.43, kwa 1:10 ni 2.06.

Namba hizo ni kwa mwendo wa futi 2,800 kwa sekunde. Mtutu wa inchi 20 wenye kichwa cha 180 utatoa kama 2,500. Ukirekebisha, ile 1.01 inashuka hadi 0.97. Tundu lililovutwa upande halikuwa umande, mkuu. Kichwa kilikuwa kinaanza kulala.

#8 Kipimo

Naunga mkono hoja kwa nusu, nusu nyingine napinga.

Kanuni ya Miller inachukulia kichwa kina uzito uliosambaa sawasawa kutoka mkia hadi ncha. Ncha ya plastiki inaongeza urefu lakini haina uzito wa maana, kwa hiyo kanuni inakionea kichwa chenye ncha: kinaonekana hakina utulivu kuliko kilivyo kweli. Kuna toleo la baadaye la kanuni hiyo lililorekebishwa kwa ajili ya ncha za plastiki, na linatoa namba kubwa kidogo. Kwa hiyo 0.97 yako inaweza kuwa 1.1 au zaidi. Bado si nzuri, lakini 1.1 haipindui kichwa, inakifanya kiyumbe na kupoteza mwendo haraka.

Halafu kuna hewa. Baridi ya asubuhi na nyanda za chini, hewa nzito, utulivu unashuka. Juu mlimani unapanda. Mtu anaweza kuwa na bunduki nzuri milimani na mbovu bondeni, bunduki ileile.

Kwa hiyo: mleta uzi yuko kwenye makali. Msokoto unaweza kuwa sababu. Sithubutu kusema ndiyo sababu.

#9 Chozi la Baruti

Mlimani nzuri, bondeni mbovu. Mjomba wangu naye yuko hivyo hivyo na hana msokoto.

#10 Tabibu Msituni

Natoka nje ya mada kidogo. Mleta uzi ametaja watoto, na hapo yuko sahihi kuliko anavyodhani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto na mimba. Kichwa cha kawaida kinachopita kwa kasi hutoa vipande vidogo mno, vingine jicho halivioni, na picha za eksirei huvionyesha mbali na njia ya jeraha. Kukata sehemu iliyochafuka damu hakutoshi.

Ndege wala mizoga ndio walioanza kulipa. Kondori wa Kalifornia, yule tumbusi mkubwa wa Marekani, wa mwisho porini alikamatwa 1987 ili wazalishwe kwenye hifadhi. Waliporudishwa porini, sumu ya madini ya risasi kutoka kwenye matumbo yaliyoachwa na wawindaji ikawa muuaji wao mkubwa. Kalifornia ikakataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019.

Endeleeni na mitutu yenu.

#11 Nyati Mmoja

Na Ulaya nzima wameshapiga marufuku, kwa hiyo tuache ubishi, tutahamia wote tutake tusitake.

#12 Kipimo

#11 hapana. Kilichoanza Februari 2023 kwenye Umoja wa Ulaya ni katazo la marisau (vitone vidogo) ya madini ya risasi kwenye maeneo oevu na kandokando yake. Marisau, ya bunduki za kuwindia ndege. Vichwa vya bunduki za mtutu wenye mifereji havikuguswa na katazo hilo. Denmark ndiyo iliyokwenda mbali: marisau tangu 1996, kisha vichwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2024.

#13 Nyati Mmoja

Sawa mwalimu. Ila mwelekeo unauona.

#14 Binti Shabaha

Habari zenu. Mnaongea kana kwamba mtutu ndio kitu pekee kwenye bunduki.

Mzee wa Kichaka anajaza mwenyewe. Vichwa vya madini ya risasi alikuwa anaviweka karibu na mwanzo wa mifereji ya mtutu, nadhani, kama wengi tulivyofundishwa. Shaba haipendi hivyo. Barnes wenyewe wanashauri uache nafasi ya inchi 0.050 au zaidi kabla ya kichwa kugusa mifereji. Shaba ngumu ikianza ikiwa imebanwa, shinikizo linapanda ghafla na matundu yanatawanyika. Irudishe nyuma, na utashangaa.

Ila hapo .308 ina mtego wake. Urefu wote wa risasi unabanwa na magazini ya bunduki za risasi fupi, kiwango ni inchi 2.810. Kichwa cha shaba cha 180 kikiingia humo kinazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Unapoteza mwendo, na shaba bila mwendo haifunguki. Kwa hiyo hata kama msokoto ungekuwa 1:10, 180 ya shaba kwenye .308 ni chaguo baya. .30-06 ina inchi 3.340, inapumua.

Mimi natumia .243 na kichwa cha shaba cha greni 80. Kuna waliokuwa wanacheka. Uskoti sheria ya kulungu ilikuwa inataka kichwa kisichopungua greni 100, na mwaka 2023 wakaishusha hadi 80 ili watu wa .243 waweze kutumia shaba, kwa sababu shaba ya greni 100 kwenye kaliba hiyo ni ndefu mno kwa mitutu ya kawaida. Hata serikali imeielewa fizikia, nyie bado mnabishana.

#15 Bwana Greni

Dada nakubali yote isipokuwa "natumia .243". Kwa kulungu mdogo sawa. Kwa nguruwe pori dume aliyejaa matope begani?

#16 Binti Shabaha

Bwana Greni, wewe ndiye uliyesema #4 kwamba uzito hauna deni na mtu. Chagua upande.

#17 Bwana Greni

Nilisema ushushe uzito, sikusema utupe bunduki upige kwa kombeo.

#18 Simba Mtulivu

Nimesoma yote. Swali la mleta uzi lilikuwa anayeanza upya achague nini, na hakuna aliyejibu.

Jibu langu: anza na mwendo wa kufika, si mwendo wa kuondoka. Kila kichwa cha shaba kina kiwango cha chini cha mwendo ambacho chini yake hakifunguki, kinapita kama msumari. Watengenezaji wengi wanataja mahali fulani kati ya futi 1,600 na 2,000 kwa sekunde, kutegemea muundo. Mimi huchukua 2,000 kwa wote ili nilale usingizi. Halafu jiulize umbali wako wa mwisho kabisa, fungua jedwali la risasi unayoitaka, angalia kama kwa umbali huo bado uko juu ya 2,000. Kama ndiyo, kaliba inafaa. Kama hapana, punguza umbali au chukua kaliba yenye baruti nyingi zaidi.

Ukifanya hivyo unaona kwa nini mitindo miwili ya sasa inagombana. Watu wanataka mitutu mifupi ya inchi 16 na kizuia sauti mbele, na wakati huohuo wanataka shaba. Kila inchi unayokata unapoteza mwendo. .308 yenye mtutu wa inchi 16 na kichwa kizito cha shaba ni ndoa mbaya. Mtutu huo na kichwa cha 130 kinachotoka kwa kasi, unaweza kuishi nayo.

Mimi nina .300 Win Mag yenye inchi 24 na sijuti.

#19 Chozi la Baruti

Nilisema watakuja. Karibu, mkuu wa magnum.

#20 Mauser wa Babu

Vijana mnatafuta kaliba mpya wakati jibu lilitengenezwa kabla hata mababu zenu hawajaoana.

Risasi za miaka ya 1890 zilikuwa na vichwa virefu vizito vya pua ya mviringo. 6.5x55 ilianza na greni 156, 7x57 na 173. Ili kuvituliza, mitutu ilipewa msokoto mkali: 6.5x55 karibu 1:8, 7x57 karibu 1:8.7, na 8x57 nayo ina 1:9.5. Baadaye vichwa vikawa vyepesi na vyenye ncha, watu wakaona misokoto hiyo imezidi. Leo shaba imerudisha urefu, na bunduki hizo zilikuwa tayari zinasubiri. Hata .30-06 ina 1:10 kwa sababu risasi iliyoitangulia, ya 1903, ilipiga kichwa cha greni 220.

Waliosahau somo hili waliumia. Mwaka 1955 Remington walitoa .244 na msokoto wa 1:12, wakiamini watu watapiga vichwa vyepesi vya wanyama wadogo tu. Mwaka huohuo Winchester wakatoa .243 na 1:10. Wawindaji wakataka kichwa cha greni 100 kwa kulungu, .244 haikuaminika kwa hilo, ikafa sokoni. Walipoirudisha 1963 waliiita 6mm Remington na kuipa 1:9. Risasi ileile. Msokoto ulitosha kuizika.

Kwa hiyo 6.5 Creedmoor yenu ya 2007 yenye 1:8 ni nzuri, sikatai. Ila msiniambie ni ugunduzi.

#21 FundiMitutu

#20 nakazia, heshima yako mzee. Ila kwa faida ya wasomaji: bunduki za zamani za 7x57 na 8x57 nyingi zina koo refu la chemba (nafasi kabla ya mifereji ya mtutu kuanza) kwa ajili ya vichwa vile vya pua ya mviringo. Kichwa cha shaba kitaruka nafasi ndefu kabla ya kushika mifereji. Binti Shabaha amesema shaba inapenda nafasi, kwa hiyo mara nyingi haina neno, lakini mtutu uliolika koo ni jambo jingine. Pia shinikizo la risasi za zamani liheshimiwe. Bunduki ya miaka mia haina sababu ya kupewa jedwali la bunduki ya leo.

Na wote mnaojaza: usichukue kipimo cha baruti cha kichwa cha madini ya risasi ukakiweka kwenye shaba ya uzito uleule. Kichwa kirefu kinakula nafasi ndani ya ganda, na shaba inakaza zaidi ikichongwa na mifereji. Jedwali la kichwa husika, anzia chini.

#22 Kware

Naomba niulize kitu kilichonikera. Nimehamia shaba, matundu yanakaa vizuri, bunduki .270 yenye 1:10, kichwa greni 130. Lakini wanyama wanakimbia zaidi. Zamani nikipiga nyuma ya bega, kwenye mapafu, swala anaanguka palepale au hatua chache. Sasa anakwenda, namkuta amekufa lakini mbali, na damu njiani kidogo. Nini?

#23 Mkongwe wa Porini

Hapo sasa tumefika kwenye mada ya kweli. Kichwa cha kawaida kinapasuka, vipande vinatawanyika kwenye mapafu kila upande. Shaba inafungua petali nne (vipande vya ncha vinavyokunjuka nje) na kupita moja kwa moja, inatoboa njia safi na ndefu lakini nyembamba. Mnyama aliyepigwa mapafuni anakufa vilevile, anachelewa tu kujua. Ndiyo maana mimi sihami.

#24 Binti Shabaha

Au unalenga mahali pa zamani kwa kichwa kipya. Shaba inaweza kuvunja bega na kuendelea. Sogeza shabaha mbele kidogo, mfupa wa bega na mapafu kwa pamoja. Mnyama asiye na miguu ya mbele hakimbii. Nyama ya bega inapungua, ndiyo, lakini haina vipande vya madini ya risasi, kwa hiyo kwa kweli unatupa kidogo kuliko zamani.

#25 Simba Mtulivu

Au mwendo. .270 ya greni 130 inaondoka kasi, lakini Kware hajasema umbali. Mbali sana, petali zinafunguka nusu.

#26 Kware

Umbali ni wa kawaida tu, msituni, karibu. Mwendo upo wa kumwaga.

#27 Kipimo

Watafiti wa Denmark walilinganisha umbali ambao kulungu walikimbia baada ya kupigwa kwa vichwa vya shaba na vya madini ya risasi. Tofauti haikuwa ya kumfanya mtu abadili uamuzi. Ila wastani wa wengi haukufuti wewe, Kware. Vichwa vya shaba havifanani: vipo vinavyobaki vizima na petali zake, vipo vinavyofunguka kama uyoga, na vipo vilivyotengenezwa makusudi ili petali zikatike ziende pembeni huku shina likipita. Kama unataka jeraha pana kwenye mnyama mwembamba, jaribu aina ya mwisho. Kwa nguruwe mnene, aina ya kwanza.

Jambo jingine: kichwa kikipasuka mara nyingi unapata tundu la kuingia tu. Shaba mara nyingi inatoka upande wa pili. Ulipaswa kuona damu nyingi zaidi, si kidogo. Hapo sielewi.

#28 Kware

Nami sielewi, ndiyo maana nimeuliza.

#29 Nyati Mmoja

Nje ya mada: ya .22 ndogo mnasemaje? Nataka kuhamisha nyumba nzima.

#30 FundiMitutu

Hiyo iache kwa sasa. .22 ina msokoto wa 1:16, imetengenezwa kwa kichwa cha madini ya risasi cha greni 40. Vya shaba vipo, vya greni 21 hivi, vyepesi na vya kasi, lakini bunduki nyingi hazivipendi na usahihi unasikitisha. Kwa sungura mita 50 utapata aibu.

#31 Mzee wa Kichaka

Wakuu nimerudi na taarifa. Nilitafuta dawa ya kuyeyusha shaba, nimesugua mpaka vitambaa vikaacha kutoka bluu. Kisha nikachukua vichwa vya shaba vya greni 150, nikavirudisha nyuma kama alivyosema Binti Shabaha, nafasi ya 0.060. Baruti kwa jedwali lake.

Mita 100: sentimita 2.5. Nikarudia siku nyingine, ileile. Kituo kimehama, juu sentimita 4 na kulia kidogo, nimerekebisha darubini. Asanteni sana.

#32 FundiMitutu

Msokoto. Nilisema.

#33 Mkongwe wa Porini

Uchafu. Nilisema mimi.

#34 Binti Shabaha

Nafasi ya 0.060 hamuioni?

#35 Kipimo

Mzee, umebadilisha mambo matatu kwa mpigo. Sasa kila mtu humu ameshinda na hakuna aliyejua kitu. Umebakiwa na zile 180? Zipige na mtutu huu safi, nafasi hiyo hiyo. Zikikaa vizuri, Mkongwe au Binti wako mbele. Zikitawanyika, Fundi.

#36 Mzee wa Kichaka

Zimeisha. Zilizobaki alichukua jirani mwenye .30-06. Na kusema kweli mkuu, mimi nilitaka kuwinda, sikutaka shahada.

#37 Mkongwe wa Porini

Jambo dogo. Kama ulisugua kwa fimbo yenye kishikio cha kitambaa cha shaba ya njano, bluu ya kitambaa inaweza kutoka kwenye kishikio chenyewe, siyo mtutuni. Watu wanasugua wiki nzima wakisafisha kishikio. Tumia cha nailoni.

#38 Bwana Greni

Kwa hiyo jibu la anayeanza upya, nijuavyo mimi: .30-06 au 7mm-08 au 6.5 yoyote yenye msokoto wa kueleweka, kichwa chepesi hatua moja kuliko mazoea, mtutu usiokatwa sana. Akitaka kubwa, 9.3x62 ya Otto Bock ya 1905 inaenda na shaba ya greni 250 hata kushuka chini kidogo, msokoto wake ni karibu 1:14 lakini kipenyo kikubwa kinasaidia.

#39 Simba Mtulivu

7mm-08 nayo nyingi ni 1:9.5, mkuu. Kichwa cha 120 au 140 sawa, zaidi ya hapo pima kwanza. Usimuuzie mtu kaliba kwa jina.

#40 Mauser wa Babu

7x57.

#41 Paa Mwekundu

Samahani kwa kuingia mwishoni. Mimi nina .30-30 ya kuvuta mkono, magazini ya bomba chini ya mtutu. Hakuna aliyeitaja. Shaba inawezekana?

#42 FundiMitutu

Inawezekana. Tafuta kichwa cha shaba chenye pua bapa, kilichotengenezwa kwa ajili ya .30-30, kipo cha greni 150. Usiweke chenye ncha kali ndani ya bomba, kitakaa juu ya fataki (kiwashio cha baruti) ya risasi ya mbele yake na bunduki ikiruka kinaweza kuipasua humo ndani. Vichwa hivyo bapa vimefanywa laini ili vifunguke kwa mwendo mdogo. Umbali usizidi mita 150. Msokoto wako pengine ni 1:12, kwa kichwa kifupi bapa hauna tatizo.

#43 Mkongwe wa Porini

Na usafishe mtutu kwanza.